Kawaida ya nani? Maongezi ya utabiri wa mvua, Ahero

Asanteni, kaeni. Nyinyi mko juani songeni huku chini ya mti, nafasi iko. Karatasi sisomi, kuna mama alishaniambia nikisoma karatasi yeye analala.

Nianze na ukuta. Jikoni kwa mamangu hapa Kano kuna laini ya tope, juu kidogo ya komeo la mlango, hiyo ni maji ya 2020. Mei ya mwaka huo Ziwa Viktoria lilifika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja kule Uganda, likapita hata rekodi ya 1964. Mamangu amekataa laini ipakwe rangi, ati hiyo ndio rula yake, gunia la mahindi halikai chini ya hapo.

Sasa watu wa Met, ile idara ya hali ya hewa, wakitangaza mvua ndefu itakuwa "zaidi ya kawaida", kawaida ya nani? Nimeuliza wengi hapa wanadhani ni ya mwaka jana. Zii, ni wastani wa miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Na asilimia wanayotaja sio kiasi cha maji, ni uwezekano, kwa hivyo wakisema 45 itapita kawaida, jua 55 bado ziko upande ule mwingine, usikuje kunitukana Juni. Halafu utabiri wa msimu unajumlisha mvua yote, hausemi itagawanyika aje, inaweza nyesha yote wiki mbili ibebe mbolea yako mpaka mto Nyando, kisha jua lichome mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na kwa karatasi hiyo bado ni msimu mzuri, wewe uliza sufuria.

Ndio maana mimi napenda walichofanya kule Bunyore, Vihiga. Wazee wa Nganyi wanajulikana tangu jadi kwa mambo ya mvua, wanaangalia miti, wadudu, ndege. Met wakaenda wakakaa nao, kila upande ulete utabiri wake, wajadiliane, watoke na mmoja. Kuna waliocheka ati ushirikina. Mimi sisemi mchwa anashinda setilaiti, mchwa ataonea wapi El Niño huko Pasifiki? Lakini setilaiti nayo haijui shamba lako la bondeni maji husimama siku ngapi. Hiyo unajua wewe.

Na ukijua ukanyamaza, mtu atakupangia. Hizi kamati za tabianchi za wodi, zile za FLLoCA, mpango wa serikali wa pesa za tabianchi mashinani, kazi yao ni kuuliza mwananchi anataka nini. Ni sawa kabisa, lakini nilishawahi enda mkutano mmoja, sitataja wapi, tukapata miradi imeshachapishwa, sisi tukapewa soda na mahali pa kuweka sahihi. Soda nilikunywa, ilikuwa jua kali.

Sasa leo nimekuja na kamba ya katani. Kila boma lichukue kipande, upime kutoka sakafu mpaka laini ya maji, ukate hapo, ufunge karatasi ya jina la boma na mwaka. Kama laini ni mbili, kamba ni mbili. Ijumaa tunazitundika kwa ukuta wa kanisa tukifuata vile nyumba zimepangana kutoka mtoni, ndio kamati ikikuja na ramani yao ikute yetu iko hapo inaning'inia.

Mama wa leso ya kijani, hebu anza wewe. Ulisema yalifika wapi, kitandani ama dirishani?