Nunua Usiku, Usinunue Kiti

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja. Naomba nianze kwa kuuliza. Ni wangapi humu wamewahi kupita katikati ya viti vya daraja la biashara wakielekea nyuma ya ndege, huku waliokaa pale wameshanyoosha miguu, glasi mkononi? Naam, mikono ni mingi. Na ni wangapi waliwahi kujua yule wa dirishani amelipa kiasi gani? Hakuna. Msijali, hata jirani yake hajui. Kwenye ndege moja ya London kwenda New York, watu wawili wa safu moja wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana mara tatu, na wakapewa blanketi lile lile.

Leo nitakaa sana kwenye sababu ya jambo hilo. Ukishaijua sababu, mbinu za kupata daraja la biashara kwa bei nafuu, kuvuka Atlantiki kati ya Ulaya na Amerika, utazitunga mwenyewe.

Daraja la biashara halikuzaliwa kwa ajili ya anasa. Lilizaliwa kwa malalamiko. Mwaka 1977 Mwingereza Freddie Laker alianzisha Skytrain, safari za bei ya chini kati ya London na New York, na mashirika makubwa yakajibu kwa nauli za punguzo. Sasa fikiria mfanyabiashara wa siku zile aliyelipa nauli kamili kwa sababu safari yake ilipangwa jana. Anajikuta amebanwa bega kwa bega na mwanafunzi aliyelipa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Akanung'unika, na alikuwa na haki. Mashirika yakamtengea sehemu yake mbele, penye utulivu kidogo. Kitanda kilikuja baadaye sana. British Airways ndiyo iliyoleta kiti cha kulala bapa kabisa kwenye daraja hili, mwaka 2000.

Nawaeleza haya kwa sababu bei za leo bado zimepangwa zikimtazama bwana yule. Kampuni inamlipia. Anaondoka Jumatatu, Alhamisi anarudi, wikendi awe kwake. Anataka ndege isiyotua njiani, na anataka aweze kubadili tarehe dakika ya mwisho. Shirika la ndege haliuzi kiti kwa umbali, wala kwa gharama ya kukiendesha. Linakisia wewe ni nani, kisha linakutoza kwa kadiri ya makisio. Basi kazi yako ni moja tu: usifanane naye.

Usifanane naye kwa tarehe. Nauli nyingi za punguzo zina masharti: ulale huko usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, ununue wiki kadhaa kabla, usibadili bila faini. Masharti hayo ni wavu wa kumnasa bwana yule na kukuachia wewe upite. Yeye pia hasafiri wiki ya Krismasi wala katikati ya Agosti, ofisi zikiwa zimelala. Ndege inaruka vilevile, viti vya mbele vimebaki vitupu, na ndipo bei zinapolegea. Inashangaza, kwa sababu majuma hayo hayo nyuma kumejaa hadi chooni na nauli ya kule iko juu. Nimewahi kuona tofauti kati ya madaraja hayo mawili ikiwa ndogo kiasi kwamba ingekuwa ujinga kukaa nyuma.

Usifanane naye kwa mahali unapoanzia. Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo mnivumilie.

Soko la Atlantiki limeshikwa na ubia wa makundi matatu. British Airways wako na American Airlines, Iberia, Finnair na Aer Lingus. Delta wako na Air France, KLM na Virgin Atlantic. United wako na Lufthansa na Air Canada. Ndani ya kila kundi wanaruhusiwa kisheria kupanga nauli pamoja, kwa hiyo usitegemee American na British Airways kugombania pesa zako kati ya London na New York. Wanaogombana ni makundi, na wanagombana zaidi kwenye nyumba ya mwenzao. Mkazi wa Oslo anayekwenda Chicago anaweza kupitia London, Amsterdam, Frankfurt au Reykjavik; kila mmoja anamvuta kwa shati. Mkazi wa London anayetaka ndege ya moja kwa moja hana haja ya kuvutwa, ameshafika dukani mwenyewe. Ndiyo maana tiketi ya Oslo–London–Chicago inaweza kuwa nafuu kuliko London–Chicago, ingawa abiria wa Oslo anakaa kwenye ndege ile ile, na kabla yake akapewa nyingine ya ziada.

Kodi nayo inachochea. Uingereza inamtoza kila abiria anayeanzia safari kule, na kwa safari ya kuvuka Atlantiki kwenye daraja la juu kodi hiyo imepita pauni 200 kwa mtu mmoja. Anayeunganisha ndege London ndani ya saa 24 hatozwi. Ireland ilifuta kodi yake ya abiria mwaka 2014. Tena ukiondokea Dublin au Shannon kwenda Marekani unamaliza uhamiaji wa Marekani hapo hapo, ukitua unatoka kama abiria wa ndani. Dublin basi ni mlango mzuri kwa sababu mbili.

Ila sikilizeni vizuri, maana hapa watu huumia. Rafiki yangu mmoja, anayeishi London, alinunua tiketi ya Dublin–London–Boston kwa bei ya kumeremeta. Akajiambia, kwa nini niende Dublin ndipo nirudi hapa hapa? Nitapandia London tu. Alipofika kaunta akaambiwa hana tiketi. Usipopanda kipande cha kwanza, kompyuta inafuta vyote vilivyobaki, na hakuna wa kumlilia. Lazima ufike kwenye mji wa kuanzia kwa gharama yako, na kwa tiketi tofauti ambayo haijuani na ile kubwa. Ndege hiyo ndogo ikichelewa, ile kubwa haitakusubiri, wala haina deni kwako. Mimi huenda siku moja kabla, nikalala. Nauli hiyo na malazi viingize kwenye hesabu kabla hujajisifu kwamba umeokoa.

Nije kwenye jambo ambalo limebeba kichwa cha mhadhara huu. Kwenda magharibi, London hadi New York, ni takribani saa 8, na ndege nyingi hupaa mchana. Unakula, unaangalia sinema mbili, umefika jioni yao. Kitanda cha nini? Kurudi mashariki upepo wa juu unasukuma, safari inashuka hadi saa 7 au pungufu, nayo ni usiku. Hapo ndipo mgongo unapodai haki yake. Kwa hiyo tafuta tiketi ya kwenda na kurudi yenye madaraja mawili: uende kwenye daraja la kawaida lililoboreshwa, urudi umelala. Mashirika mengi yanaruhusu, lakini usinunue tiketi mbili za upande mmoja kabla hujalinganisha; kwenye Atlantiki, upande mmoja peke yake mara nyingi unagharimu karibu sawa na pande mbili, wakati mwingine zaidi.

Na hata huo usiku uupime. Kutoka New York au Boston, ukitoa chakula cha jioni na kifungua kinywa, unabaki na usingizi wa saa nne hivi. Kutoka Los Angeles au San Francisco ni saa kumi na zaidi angani, unalala usingizi wa mtu mzima. Kama pesa zako zinatosha kitanda kimoja tu kwa mwaka, kinunulie huko.

Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Jina ni moja, viti havifanani. Angalia ramani ya ndege: mpangilio wa 1-2-1, yaani kiti kimoja kila dirisha na viwili katikati, maana yake kila mtu anatoka bila kumruka mwenzake. Icelandair wana bei tamu, lakini kiti chao cha mbele ni kipana tu, hakilali bapa. Na kipande cha ndani ya Ulaya, hata tiketi ikiandikwa biashara, kwa kawaida ni kiti kile kile cha kawaida na cha katikati kimeachwa wazi.

Wapo pia walio nje ya makundi yale matatu. JetBlue walianza London mwaka 2021. La Compagnie, tangu 2014, wana ndege zenye daraja la biashara tupu, viti 76, kati ya Paris na Newark. Emirates wanaruka Milan–New York na Athens–Newark, Singapore Airlines Frankfurt–New York. Hao watazameni kila mara. Lakini wadogo huanguka: Maxjet, Eos na Silverjet, wote wa daraja la biashara tupu, walifunga kati ya Desemba 2007 na Mei 2008. Lipa kwa kadi ya benki inayokulinda shirika likianguka.

Pointi, zile unazokusanya kwa kusafiri na kuzibadilisha kwa tiketi, nitazipita haraka. Ni nzuri kwa mwenye subira na tarehe zinazokunjika; kwa mwingine ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Angalia tu ada zinazobandikwa juu ya tiketi inayoitwa ya bure.

Haki mbili muwe nazo mfukoni. Safari zinazogusa Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka, lazima wakupe saa 24 za kughairi bila faini au za kushikilia bei bila kulipa. Kwa hiyo bei nzuri ikamate kwanza, mke au mume umwulize baadaye. Na ukiondokea Umoja wa Ulaya wakakushusha daraja, sheria ya mwaka 2004 inawataka wakurudishie asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho, kikiwa cha kuvuka Atlantiki. Wengi hupokea vocha ya chakula na kushukuru.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Unauliza kama ni kweli tiketi zinunuliwe Jumanne usiku. Hapana, mama. Bei hubadilika saa yoyote, na siku ya kusafiri ina uzito kuliko siku ya kubonyeza. Weka kengele ya bei kwenye programu ya kutafutia, ulale.

Na wewe kijana? Ukivaa suti watakupandisha daraja bure? Vaa, inapendeza. Lakini nyuma kukijaa, majina hutoka kwenye orodha, wenye kadi za hadhi, wale wasafiri wa kila mara wa shirika hilo, wakitangulia. Kompyuta haioni tai.