Nusu Mililita ya Dang'a

Walionisikia kwenye mkutano huu mwaka jana wanajua naanzia wapi: kwenye bomba la sindano. Mama amejifungua njiti, mtoto wa kabla ya wakati, wa wiki 29, gramu 1,100. Siku ya pili kaja wodini, bomba kalificha ndani ya kanga. Ndani mna dang'a, maziwa yake ya kwanza, haijai hata nusu mililita, ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. "Nesi, ndiyo haya tu." Anaona aibu! Nyuma yake mkwe wake kakumbatia kopo jipya la maziwa ya unga, ananiuliza kwa nini namlaza mjukuu wake na njaa.

Nikamwambia, bibi, utumbo huu bado ulikuwa na wiki kumi na moja za kukaa tumboni. Haujakomaa. Bakteria wakipenya, ukuta wake unavimba, unaoza, unatoboka. Kwenye faili tunaandika herufi tatu, NEC, ugonjwa wa utumbo wa njiti kuoza. Nimeliona tumbo lile: limejaa, linang'aa, mtoto anatapika kijani, nepi ina damu. Ukipiga eksirei unakuta hewa imo ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo. Hapo maziwa tunasimamisha, tunaanza antibiotiki, na ukitoboka ni kisu. Kisu, kwa mtu wa kilo moja!

Nikachukua ile nusu mililita, nikaipitisha kwenye mpira wa puani mbele ya bibi. Polepole, makusudi, aone.

Uingereza walitoa hesabu mwaka 1990, kwa njiti 926: waliolishwa maziwa ya kopo peke yake waliugua NEC mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopata maziwa ya mama peke yake. Mwaka 1990, jamani, na bado tunabishana mlangoni.

Namwona mmoja pale nyuma anataka kusema wake alikunywa la kopo na leo anacheza mpira. Alizaliwa na kilo ngapi? Tatu na nusu! Mimi nazungumzia njiti.

Na mama asiyetoka maziwa? Pumwani, Nairobi, wana benki ya maziwa ya mama tangu 2019. Yanapashwa moto nyuzi 62.5 kwa nusu saa. Mashehe wanauliza undugu wa kunyonya, kwamba walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, hawaoani, na ni swali la haki, tukae nao. Ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto anayochomwa mama kabla ya kujifungua, nayo inapunguza ugonjwa huu. Matone ya bakteria wazuri nilikuwa na slaidi nne, ila mwenyekiti anaangalia saa.

Nini? Kopo? Bibi alilimalizia kwenye chai yake.