Linganisha Kampuni za Meli za Mtoni Ulaya Kabla Hujatoa Hela

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunalinganisha kampuni za meli za kitalii kwenye mito ya Ulaya, hasa Rhine na Danube. Fungua jedwali tupu, la Excel au la Google, lolote. Ukitaka langu lipo kwenye maelezo chini ya video, bure kabisa. Ninachouza mimi ni tiketi, si jedwali.

Mto na mwezi unajua mwenyewe, tusonge. Natumia Amsterdam hadi Basel kwenye Rhine, usiku 7, kwa sababu karibu kila kampuni kubwa inayo njia hiyo. Safu ya kwanza andika kampuni, ya pili jina la meli. Jina la meli, jamani, maana kampuni moja huwa na meli mpya na nyingine ya zamani kwenye njia ileile, na picha za tangazo ni za ile mpya.

Sasa bei. Hapa polepole.

Namba hizi ni za mfano tu. Kampuni A inatangaza euro 2,400 kwa mtu, usiku 7. Kampuni B euro 3,300, siku 8. Kwa macho tu, A ni rahisi kwa euro 900. Haya, jaza ambavyo A imeviacha nje: ziara 5 za euro 55, hiyo 275. Vinywaji euro 25 kwa siku mara 7, 175. Bahshishi 12 mara 7, 84. Kodi za bandari 150. Gari la kutoka na kurudi uwanja wa ndege 120. Jumla 3,204. B vyote hivyo vimo ndani. Zile 900 zimebaki 96.

Halafu gawanya kwa usiku. Kwa USIKU. Siku 8 za B ni usiku 7, kwa sababu siku ya nane unakunywa chai na saa tatu asubuhi begi lako liko gatini. Ukigawa B kwa 8 unapata 412 na ushee, ukigawa A kwa 7 unapata 457 na ushee, na ghafla B inaonekana ya bei poa. Si kweli. 3,300 gawa kwa 7 ni 471. Kwa hiyo kabla hujagonga Enter, angalia tena: ni siku au ni usiku?

Subirini... mmeona pale juu kulia? Nimerudi nyuma ukurasa mmoja, tovuti imegeuza euro kuwa dola yenyewe. Futa namba hiyo, rudisha sarafu, andika upya. Sikati kipande hiki, maana na nyinyi mtakutana nacho. Angalia pia nchi uliyochaguliwa na tovuti. Kampuni ileile inaweza kuweka bahshishi ndani ya bei ya soko la Uingereza na kuiacha nje kwenye soko la Marekani.

Nani anajumuisha nini? Tauck, Uniworld na Scenic wanaweka karibu kila kitu: ziara, vinywaji, bahshishi. Viking inatoa ziara moja kila bandari, pamoja na bia na divai wakati wa chakula cha mchana na cha jioni. AmaWaterways iko karibu na hapo, ila ina ziara kadhaa za kuchagua na baiskeli. CroisiEurope, Wafaransa wa Strasbourg, mara nyingi wanauza ziara kando. Na kama una watoto, Viking ifute kabisa, haipokei mtu chini ya miaka 18. A-ROSA ya Wajerumani inapokea familia.

Unasafiri peke yako? Bei zote hizo ni za mtu mmoja kati ya wawili chumbani. Nyongeza ya kukaa peke yako inaweza kufika asilimia 100. Tauck imekuwa ikiiondoa kwa vyumba vya sitaha ya chini, kwa hiyo usiipite kwa sababu ya bei ya juu tu.

Tuje kwenye meli yenyewe. Meli nyingi hazizidi upana wa mita 11.4 na ushee, kwa sababu milango ya maji ya kupandisha na kushusha meli, kwenye mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube, ina upana wa mita 12. Urefu nao unaishia mita 135. Kwa hiyo kampuni haiwezi kukuuzia meli kubwa zaidi, inaweza tu kupakia watu wachache zaidi. Meli za Viking ziitwazo Longship, mita 135, zinachukua abiria 190. Tauck kwa urefu huohuo inachukua 130. Hiyo ndiyo nafasi unayoilipia. Isiyofuata kanuni hiyo ni AmaMagna ya AmaWaterways, ya 2019, yenye upana karibu mara mbili, na ndiyo maana haitoki Danube: kwenye mfereji haipiti.

Chumba. Nakuza ramani... ngoja itulie. Sitaha hii ya chini kabisa, dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, halifunguki, na maji yako hapo hapo nje. Bata anapita usawa wa macho. Kwa kulala tu, mimi naona linatosha. Juu yake utakuta wameandika roshani ya Kifaransa. Hiyo ni mlango wa kioo wenye kizuizi nje yake, mguu hautoki. Ukitaka kukaa na kiti chako nje, tafuta roshani kamili. Lakini kumbuka meli hufungwa ubavu kwa ubavu bandarini, na mandhari uliyoyalipia yanaweza kuwa pazia la jirani. Nyuma kabisa kuna injini, mbele kabisa kuna mtambo wa kusukuma pua ya meli, unaonguruma alfajiri ikifunga gati. Chagua katikati.

Kina cha maji. Yakipungua sana meli haipiti. Kwenye Rhine fuatilia kipimo cha maji cha Kaub, mji wa Ujerumani kando ya mto, kipo bure kwenye ELWIS, tovuti ya serikali ya Ujerumani. Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 25, na Agosti 2022 kikashuka tena chini ya 40. Usishtuke: hicho si kina cha mto, ni alama ya kipimo, na njia ya meli pale ina zaidi ya mita moja juu ya namba hiyo. Kwenye Danube sehemu ngumu ni kati ya miji ya Straubing na Vilshofen, Ujerumani, kwa sababu pale mto haujazuiwa na bwawa la kutunza kina. Maji yakizidi nayo ni shida, meli haipiti chini ya madaraja. Hapo kampuni yenye meli pacha mbili zinazopishana hubadilishana abiria: unapandishwa basi, unashushwa kwenye meli ya pili. Yenye meli moja inakupa basi na hoteli. Weka safu ya idadi ya meli kwenye njia hiyo.

Kwa wenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda: viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, bima ya angalau euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima unapotua. Amsterdam hadi Basel mara nyingi ni Ujerumani, lakini ukiongeza siku tatu za hoteli Amsterdam, hesabu inaweza kugeukia Uholanzi. Hesabu ndipo uweke miadi. Njia ya Danube inayopita Serbia inatoka nje ya Schengen na kurudi, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Zaidi ya mara moja, nasisitiza.

Kabla ya kulipa advansi, tuma barua pepe: chumba namba ngapi, meli pacha zipo ngapi, na viza ikikataliwa pesa zinarudi kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Wakikujibu kwamba kwa kawaida hakuna tatizo, swali halijajibiwa. Litume tena, na advansi ibaki mfukoni.