Kuweka mashine ya CPAP kando ya kitanda, ulale nayo bila taabu

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tuko chumbani na kazi yetu ni moja: kuipanga mashine ya CPAP, ile inayomsukumia hewa mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini, ili mwenye nayo aivae mpaka asubuhi, isije ikaishia uvunguni baada ya wiki mbili. Wengi wanaoiacha hawaiachi kwa kuwa haifanyi kazi. Wanaiacha kwa sababu mpira wa kupitishia hewa unawavuta shingo, maji yanawaingia puani, au maski inawapulizia macho. Taabu hizo zinaondoka ukijua kupanga vitu vyako, nami ningependa zikuondokee usiku wa leo.

Kwa kifupi, mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini koo lake hulegea likajiziba. Mashine hii inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia maski, na msukumo huo unalishikilia koo likae wazi. Ni kanuni ile ile waliyoieleza Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, mwaka 1981. Kiwango cha msukumo ameshakipanga daktari wako. Hicho hatukigusi.

Tuanze na mahali pa kuiweka. Tazama stuli hii niliyoisogeza hapa kichwani pa kitanda. Uso wake uko chini ya godoro kama shubiri moja, na ndivyo tunavyotaka: mashine ikae chini kuliko kichwa cha anayelala. Sababu ni maji. Tangi hili linapasha maji moto ili hewa isikukaushe koo, na mvuke wake ukikutana na mpira uliopoa unageuka matone. Mashine ikiwa juu, tuseme juu ya kabati refu au rafu, matone yanateremka hadi puani, unaamka saa nane ya usiku unakohoa. Ikiwa chini, mengi yanarudi kwenye mashine. Sakafuni nako hapafai, maana kuna vumbi, kuna fagio, na kuna mguu wa mtu anayeamka gizani.

Geuza mashine uangalie nyuma au ubavuni. Penye hivi vitundu na chujio ndipo inapovutia hewa. Acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, na hakikisha pazia au shuka haliwezi kuangukia hapo. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: msichome dawa ya mbu ya koili karibu na mashine, wala udi, wala ubani. Chujio hili linazuia vumbi, haliwezi moshi. Chochote kinachofuka chumbani kitavutwa na kupelekwa moja kwa moja kifuani mwako. Anayependa kufukiza chumba afukize mapema jioni, afungue madirisha, moshi uishe ndipo alale.

Mbu tutawazuia kwa chandarua, na chandarua ndicho kinachowasumbua wengi. Mashine ibaki nje ya chandarua. Mpira tunaupitisha kwenye pindo la chini, upande wa kichwani, hivi, kisha tunachomeka chandarua chini ya godoro kulia na kushoto kwake hadi pasibaki uwazi. Usikitoboe. Tundu moja tu linawatosha mbu.

Ukishauingiza, usiupitishe kwapani wala kifuani. Upandishe nyuma ya ubao wa kichwani, uje kwako kutokea juu ya kichwa. Kitanda kisicho na ubao, unaweza kuuegemeza kwenye nguzo ya chandarua. Ufunge kwa utepe wa kitambaa, ukiulegeza kiasi cha mpira kuteleza ndani yake. Mpira wa kawaida una urefu wa karibu mita 1.8, unatosha. Sasa lala, geukia kushoto, geukia kulia. Ukihisi maski inavutwa, ongeza mpira upande wako kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Kwa walioko penye baridi, kama Njombe, Lushoto au Limuru, matone yatakuwa mengi hata mashine ikiwa chini. Shona kipande cha kanga kuukuu kiwe mfuko mrefu, uuvike mpira. Kikishindikana, punguza joto la tangi ngazi moja. Mwambao, kama Tanga, Mombasa au Unguja, hewa yenyewe ina unyevu, kwa hiyo unaweza kuanza na ngazi ya chini kabisa.

Maji ya tangi ni yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, ya kuulizia duka la dawa, kwa sababu hayaachi magadi tangini. Maji ya betri ya gari yasiingie humu kamwe, hata muuzaji akikuhakikishia ni safi. Jaza hadi mstari huu, usiupite.

Sasa maski. Nawa uso kwanza, ujifute ukauke. Mafuta ya mgando tunayopaka kila jioni yanaharibu mpira laini wa maski na kuifanya iteleze. Kwa usiku, sehemu inayogusa maski iache bila mafuta. Kisha usiikaze ukiwa umekaa. Lala, washa mashine, hewa ipite, ndipo uvute mikanda kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa pamoja, hadi ule mvumo wa kuvuja pembeni ukome. Ukiamka na alama nyekundu puani, umekaza mno. Ukiwa umesuka, mkanda wa nyuma upite chini ya fundo la nywele, au vaa kofia laini ya kulalia kwanza. Hivi vitundu vidogo vya mbele vinatoa hewa uliyokwisha kuivuta. Vitapuliza, na ni lazima vipulize. Usivizibe.

Kabla ya usiku wa kwanza, ivae mchana ukiwa sebuleni unasikiliza redio, ili uizoee ukiwa macho. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na hewa ndogo ikapanda polepole, kitumie. Mwenzi wako naye aonyeshwe kila kitu mapema, asishtuke.

Ukiamka kwenda msalani, huna haja ya kuvua maski. Chomoa mpira hapa mbele, nenda, rudi, uchomeke.

Umeme. Chomeka adapta kwenye soketi ya ukutani kupitia kifaa cha kulinda friji, maana umeme ukirudi ghafla unaweza kuunguza vyombo. Ukikatika ukiwa umelala, mashine itazima, vua maski. Mahali unapokatika mara kwa mara, tafuta betri. Soma maandishi ya adapta kwanza, kwani kuna mashine za volti 12 na za volti 24, na fundi wa sola atahitaji namba hiyo. Ukiwa kwenye betri, zima joto la maji, kwa sababu hilo ndilo linalokula umeme mwingi.

Asubuhi, toa tangi, mwaga maji yote yaliyobaki, lisuuze, liache wazi likauke. Maski ioshe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Mpira mara moja kwa wiki, uuning'inize kivulini, si juani. Chujio likionekana kijivu, badilisha. Na kila unapotaka kuihamisha mashine, hata kutoka stuli hadi kabatini, toa tangi kwanza: ikiinama ikiwa na maji, yanaingia kwenye mota.