Kitabu cha Mpakani

(Mhadhara uliotolewa jijini Tanga, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi wanangu wa sekondari mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Walionialika walinipa mada pana sana: masuala ya jamii ya leo, tangu maktaba mpaka biashara baina ya nchi na nchi. Nimeikubali nzima, wala sikuomba ipunguzwe, maana nimefanya kazi ya ukutubi, yaani ya kutunza maktaba, miaka 31 na mambo hayo mawili nimeyaona yakikutana kaunta moja. Nitawaeleza yalikutana vipi.

Ulikuwa msimu wa machungwa. Aliingia mama mmoja wa Muheza, kanga kaifunga kiunoni, viatu kavishika mkononi kwa kuwa aliona sakafu imetoka kudekiwa. Akasimama mbele yangu, akaangalia rafu, akaangalia watoto waliokuwa wakisoma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hapa mna kitabu cha mpakani?"

Sikumwelewa. Nikamvutia kiti, akakaa, akanisimulia. Yeye na majirani zake wawili walikusanya machungwa, wakakodi Fuso, wakapeleka mzigo Horohoro ili uvuke kwenda Kenya. Miaka yote wanunuzi wa Kenya walikuwa wakiwafuata wenyewe shambani, wanataja bei wanayotaka, wanapakia, wanaondoka. Safari hii wakasema tuthubutu wenyewe. Walipofika mpakani wakaulizwa: cheti cha uasilia, yaani karatasi inayothibitisha mzigo umezalishwa wapi, kiko wapi? Cheti cha afya ya mimea kiko wapi? Hawakuwa nacho hiki wala kile, na cha kwanza hawakuwahi hata kukisikia. Akajitokeza kijana mmoja pembeni akawaambia, nipeni fedha niwashughulikie. Wakampa. Hakurudi. Mzigo ukalala pale siku mbili juani. Siku ya tatu tenga za chini zikaanza kutoa maji, harufu ikabadilika, akaja dalali akanunua kwa bei ambayo yule mama alishindwa kuitamka mbele yangu. Aliniandikia kwa kidole juu ya meza.

Jirani yake ndiye aliyemwambia: nenda Tanga mjini, kule kuna nyumba ya vitabu, hakuna kisichoandikwa. Basi akaja.

Nilitafuta siku nzima. Nilichopata ni kitini kimoja cha Kiingereza, kurasa nyingi, herufi ndogo. Humo ndani, katikati kabisa, nikakuta jambo ambalo lingemwokoa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa yenyewe ikiwa imezalishwa ndani ya nchi zetu na imo katika orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasilia hapohapo mpakani, na hutozwi ushuru wa forodha. Cheti cha afya ya mimea bado unakitafuta kabla ya kuondoka, na kodi nyingine za ndani za kila nchi zina hesabu zake. Lakini ule ushuru, hapana. Mataifa yalishakaa, yakajadiliana, yakatia saini, kwa ajili ya mtu kama yeye. Karatasi ikabaki kwenye lugha asiyoisoma, katika ofisi asiyoijua.

Niliposoma kwa Kiswahili nikimtafsiria mstari baada ya mstari, alinisimamisha mara mbili akaniambia, "Rudia hapo." Alikuwa anahesabu. Mimi mwenyewe nilishindwa kulala usiku ule.

Ndugu zangu, mji wetu huu ulijengwa na biashara ya dunia. Mkonge haukuota hapa wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, yenye asili ya Yucatán kule Mexico, na inayosimuliwa kuwa ilifika hai hapa pwani ya Pangani ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yote mnayoyaona mkipanda kuelekea Korogwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanzania Bara ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba yakarudi kuwa pori.

Ninachotaka mkione hapo ni kitu kimoja. Wale manamba waliotoka mbali, Songea, Kigoma, hata nje ya nchi, waliokata majani kwa mikono mpaka miiba ikawatoboa, wangapi walijua nyuzi zile zinakwenda wapi na zinauzwa kiasi gani? Bei ilijulikana London. Bandarini matishari yalibeba marobota mpaka melini, meli imetia nanga huko nje, na mpakiaji wa tishari hakujua robota moja lina thamani gani likishapanda. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na mali, daftari lilikuwa kwa wengine.

Leo bandari imechimbwa kina na gati limerefushwa, meli zinafunga ukutani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa kwetu. Kuanzia Januari 2021 biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika imeanza rasmi. Mambo makubwa yanakuja mlangoni petu kwa mara ya pili. Ndiyo maana nauliza habari ya daftari.

Sasa nirudi kwenye maktaba, maana huko ndiko kwangu.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba moja la mkonge. Alipokuwa akitusimulia ujana wake, kitu alichokieleza kwa furaha kuliko mshahara ni sanduku la vitabu. Tangu 1948 kulikuwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, likihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilichapisha vitabu, na pia liliendesha maktaba za masanduku na za posta. Sanduku linafika, watu wanasoma, linakwenda kwingine, linaletwa jingine. Baba alikuwa akishika kitabu hicho anajua kimeshashikwa na mtu mwingine asiyemjua, mahali asipopajua, na karatasi ya mihuri iliyobandikwa ndani ndiyo shahidi. Alipenda kuisoma ile mihuri kabla ya kusoma kitabu.

Ukafika uhuru, tukaunda vya kwetu. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam 1967, mwaka uleule uliotiwa saini mkataba wa Jumuiya ya kwanza. Bagamoyo tukapata chuo chetu cha kufundisha wakutubi. Najivunia hayo, nimekula mkate wake. Lakini lile sanduku lililokuwa likivuka mipaka halikurudi tena. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, hata watu hawakuvuka, sembuse vitabu. Wadigo wenzangu mnajua. Mtu yuko Jasini upande wetu, dada yake yuko Vanga upande wa Kenya, wanasikiana adhana, na harusi ya mmoja mwenzake asiweze kwenda kwa njia ya halali. Mpaka ulifunguliwa tena 1983. Watu wakarudi kutembeleana, biashara ikarudi, Jumuiya mpya ikazaliwa kwa mkataba wa 1999, na leo ina nchi nane.

Vitabu tu ndivyo havijarudi. Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na mimi katika miaka 31 sikuwahi kumuazimia msomaji wa Tanga kitabu hata kimoja kutoka maktaba ya Mombasa. Si kwamba sheria inakataza. Vitabu vilivyochapwa, hata vikitoka nje ya Afrika Mashariki, vimo katika kundi la asilimia 0 la ushuru wetu wa pamoja. Forodha haina neno na kitabu. Kilichokosekana ni mtu wa huku kuzungumza na mtu wa kule, na fomu ya ukurasa mmoja.

Niliwahi kulipeleka wazo hilo kwa maandishi katika ofisi moja, ofisi yenyewe sitaitaja. Nilisubiri miezi minane. Nilipofuatilia nikaambiwa barua haionekani. Nikaandika nyingine. Hiyo nayo sikujibiwa. Nawaambia hivi ili vijana mjue kwamba wazo hili si jipya, na mkilibeba msikate tamaa kwa barua mbili kama nilivyokata mimi. Hilo ndilo jambo la kazi yangu linaloniuma mpaka leo.

Na inawezekana. Kuna mfano ulio hai. Mtoto asiyeona, tuseme wa shule ya Irente kule Lushoto, anasoma kwa nundunundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole. Kitabu cha kawaida cha shule ambacho mwenzake anakitia mkobani, cha kwake ni mafungu ya karatasi nene yanayojaza meza, na kukitengeneza ni kazi ya gharama. Zamani, kikitengenezwa Kenya kilitakiwa kibaki Kenya, kwa sababu ruhusa ya hakimiliki iliishia mpakani. Tanzania nayo ikitaka ianze upya kutengeneza kitabu kilekile. Mwaka 2013 mataifa yalikutana Marrakesh, Morocco, yakakubaliana kwamba vitabu vya wasioona vitengenezwe na vivuke mipaka bila kuomba ruhusa upya kila nchi. Mkataba ulianza kutumika 2016. Kenya imo, Uganda imo, Tanzania imo tangu 2020. Basi kwa mtoto asiyeona, rafu ya Nairobi na rafu ya Tanga kisheria zimeshakuwa karibu. Watunga sheria walipotaka, waliweza.

Kuna kijana aliniuliza nilipokuwa naingia: "Bibi, siku hizi si kuna intaneti?" Mwanangu, ipo, na naipenda. Vyuo vikuu vyetu vimeungana kupata majarida ya dunia kwa pamoja, na kuna mpango wa kimataifa unaofungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida ya afya na kilimo bila malipo. Lakini mlango wa vile vyote ni taasisi. Mama wa machungwa hana nywila ya chuo kikuu. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja, na hati ya kurasa mia moja ya Kiingereza ikifunguka kwenye kioo kile anaona ukungu tu. Mtu kama huyo mlango wake ni maktaba ya umma, kadi yake, na mtu aliyekaa kaunta anayejua hati ipo wapi na anaweza kuieleza kwa Kiswahili.

Hili la Kiswahili nalisisitiza. Mkataba wa 1999, ibara ya 137, ulisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Tangu hapo viongozi wamekwishakipa Kiswahili heshima kubwa zaidi, na Umoja wa Afrika nao umekipokea. Lakini nenda leo ukaombe orodha ile ya bidhaa kwa Kiswahili sanifu, iliyopigwa chapa, uone utapewa nini. Sisi watu wa Tanga hatuna kisingizio hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani tu na hapa, 1909. Na je, mnajua kazi yake ya mshahara ilikuwa nini? Karani wa forodha. Alianza 1926 na akaifanya karibu miaka 18. Mchana anahesabu ushuru wa mizigo, usiku anaandika Kiswahili ambacho dunia inakisoma. Mtu mmoja, kichwa kimoja, forodha na fasihi. Lugha iliyobeba mawazo yake haiwezi kushindwa kubeba masharti ya tenga la machungwa.

Kwa hiyo nimekuja na ombi, na ni la kazi. Nimezungumza na wenzangu wa maktaba, wamekubali kutoa meza moja, ile iliyo karibu na dirisha la uani. Juu yake tutaweka majalada matatu: la vyeti vya mpakani, la viwango na ushuru wa bidhaa zetu, yaani machungwa, mwani, iliki na mdalasini wa Amani, dagaa, na la mikataba yenyewe. Kila karatasi ya Kiingereza itakuwa na ya Kiswahili ubavuni mwake. Tafsiri hatuna. Tutaifanya sisi, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa atausoma mtu wa forodha aseme kama tumekosea, maana kosa moja humu linamlaza mtu Horohoro siku mbili. Na barua ya tatu, ya kuomba kuazimana vitabu na Mombasa, nimeshaiandika. Ninayo hapa mkononi. Sitaki iende na jina langu peke yangu.

Yule mama wa Muheza yupo leo, amekaa safu ya nne, ameniruhusu niseme habari zake ila nisimtaje jina. Msimu uliopita alivuka na mzigo wake na vyeti vyote viwili. Amesema atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi kutueleza maneno wanayotumia wao wenyewe mpakani, ili tusitafsiri kwa maneno ambayo muuza machungwa hayajui. Kalamu iko pale mlangoni. Anayekuja Jumamosi aandike jina, na anayetaka kutia saini barua aanzie hapa mbele.