Fedha za Wakfu na Jamvi la Kunasa Kaboni

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie namna fedha za wakfu za hisani zinavyojenga sera za kunasa hewa ukaa, yaani kuikamata gesi hiyo inayoongeza joto duniani isibaki angani. Nimechagua Marekani kwa sababu huko safari nzima, kuanzia ruzuku ya wakfu hadi sheria, inaweza kufuatiliwa.

Mwaka 2008 sheria ya kodi ya nchi hiyo iliongezwa kifungu cha 45Q, kilichompa mwenye mtambo nafuu ya dola 20 kwa kila tani ya hewa ukaa aliyoinasa na kuizika ardhini, na dola 10 kwa tani iliyosukumwa katika visima vikuukuu ili kutoa mafuta yaliyosalia. Kiasi hicho hakikukaribia gharama halisi. Mwaka 2011 taasisi mbili zisizo za kibiashara, Great Plains Institute ya Minneapolis na ile iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa fedha za wakfu wa Pew, ambayo sasa huitwa C2ES na hushughulikia sera za tabianchi, zilitandika jamvi moja wakaketi wenye makaa ya mawe, kampuni za mafuta, vyama vya wafanyakazi na watetezi wa mazingira kuijadili nafuu hiyo.

Kazi ya kuwaketisha mahasimu hao haina mnunuzi, kwa kuwa hakuna kampuni iliyo tayari kulipia miaka ya vikao ambavyo matunda yake yatavunwa pia na washindani wake. Hapo ndipo ruzuku inapokuwa na uzito usiolingana na ukubwa wake. Tangu mwaka 1969 sheria ya kodi ya Marekani inabana wakfu binafsi zisitenge fedha za kuwashawishi wabunge kuhusu muswada fulani, kwa hiyo zinachoweza kulipia ni utafiti, hesabu za gharama, vikao na mishahara ya waratibu. Wapo wanaolalamikia kizuizi hicho. Mimi nakiona kuwa na manufaa, maana kinalazimisha hoja ikomae kabla ya kura kutafutwa.

Na hoja ilikomaa. Muswada wa kukipanua kifungu hicho ulibebwa na maseneta Heidi Heitkamp na Sheldon Whitehouse wa chama cha Democratic pamoja na Shelley Moore Capito na John Barrasso wa Republican, na Februari 2018 ukapita ndani ya sheria ya bajeti, nafuu ikapangiwa kupanda hadi dola 50 kwa tani inayozikwa na 35 kwa ile ya visima vya mafuta. Mwaka 2022 viwango vilifika dola 85 na 60, na dola 180 kwa tani inayonaswa moja kwa moja kutoka angani na kuzikwa.

Hata hivyo, hewa iliyonaswa husafirishwa kwa mabomba, na mabomba hupita katika ardhi ya watu. Tarehe 22 Februari 2020, karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, mvua kubwa iliporomosha udongo na bomba la hewa ukaa likapasuka. Kwa kuwa hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ilitanda chini, injini za magari zikazimika kwa kukosa oksijeni, watu wapatao 200 wakahamishwa na 45 wakahitaji matibabu. Baadaye, mradi mkubwa wa bomba ulipotaka kupita katika mashamba ya majimbo ya kati, wenye ardhi wahafidhina na wanamazingira waliungana kuupinga, na Machi 2025 South Dakota ikapiga marufuku kutwaa ardhi kwa nguvu ya sheria kwa ajili ya mabomba hayo.

Kwa maoni yangu, wafadhili waliwekeza kwa bidii katika maafikiano ya Washington, wakawakumbuka wanakijiji wakati ramani zimekwisha kuchorwa. Ruzuku ya kumlipa mwanajiolojia na mwanasheria wanaowajibika kwa wakazi wenyewe, tangu njia ya bomba inapofikiriwa, ni sehemu ndogo ya gharama za mradi mmoja uliokwama, na haihitaji kibali cha mbunge yeyote.