Ini Lililougua na Majibu ya Vitamini Kutoka Maabara

Ndugu wanafunzi wa uuguzi na wa maabara, nitaanza na vitamini B12, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi.

Ini ndilo ghala kuu la vitamini hii, na mtu mwenye afya huwa na akiba ya kumtosha miaka kadhaa. Ndiyo maana mwaka 1926 madaktari Minot na Murphy, kule Boston, Marekani, waliweza kuwapa nafuu wagonjwa wa upungufu mkali wa damu kwa kuwalisha maini kila siku, miaka 22 kabla ya B12 yenyewe kutambuliwa. Sasa, chembe za ini zinapokufa kwa homa ya ini, au ini linaposinyaa, akiba hiyo huvujia kwenye damu, na sehemu ya ini iliyosalia haina nguvu ya kuirudisha. Karatasi ya majibu huonyesha B12 iko juu, ilhali ghala linazidi kuwa tupu.

Kwa vitamini A mambo hugeuka. Vitamini A haitoki ghalani peke yake. Hubebwa na protini inayotengenezwa na ini lenyewe. Mbebaji akikosekana, kipimo hushuka hata kama akiba bado ipo, na anayekimbilia kumpa mgonjwa dozi kubwa anaweza kumdhuru, maana vitamini A ikizidi ni sumu kwa ini lilelile.

Kisha kuna nyongo. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na mafuta hayafyonzwi vizuri pasipo nyongo. Mtazameni mgonjwa ambaye mrija wake wa nyongo umezibwa na jiwe au uvimbe: macho ni ya manjano, mkojo umekolea kama chai ya rangi, na choo kimepauka kama udongo wa mfinyanzi, kwa kuwa nyongo inayokipa rangi haifiki utumboni. Huyu hupungukiwa vitamini K, na ukimtoa damu utabaki umekandamiza pamba kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Hapo kuna jaribio ambalo, kwa maoni yangu, halithaminiwi inavyostahili: apewe vitamini K kwa sindano, si kwa mdomo, na muda wa damu kuganda upimwe tena kesho yake. Ukirekebika, kasoro kubwa ilikuwa ya nyongo. Usiporekebika, ini lenyewe limeshindwa kutengeneza protini za kugandisha damu. Malighafi ipo, fundi hayupo.

Vitamini D naipitia kwa ufupi: ini huifanyia hatua ya kwanza ya matengenezo, figo huimalizia, hivyo hata anayeshinda juani anaweza kupungukiwa.

Kwa mnywaji wa pombe wa miaka mingi, vitamini B1 haingoji majibu ya maabara. Hupewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu glukosi huitumia ile kidogo iliyosalia mwilini, na ubongo ukaumia wakati sampuli ingali mezani.